Injini ya Kupanda Mushuke

Watu wamekipa kilima kile jina la amri. Kinaitwa Mushuke. Kiko kwenye njia ya Wamaza ukitoka Kasongo, mahali ambapo udongo mwekundu huinuka mbele ya kioo cha gari kama ukuta, na kila dereva aliyewahi kufika chini yake amegeuka nyuma akawaambia abiria wake neno hilohilo: mushuke. Na wanashuka. Wanavua viatu, wanakunja vitenge, wanaweka mabega kwenye bodi na kusukuma. Padri anashuka. Mchuuzi wa dhahabu wa Salamabila anashuka, mkoba kifuani. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka. Sijawahi kusikia mtu aliyebishana na kilima kile akashinda.

Mimi nilisema nitashinda. Nimekuwa mekanisie, fundi wa magari, hapa Kasongo kwa zaidi ya miaka ishirini, na unyenyekevu wa uongo siujui. Gari likipita barabarani likikohoa, nami niko ndani nakula, naweza kukwambia ni plagi ya ngapi imechoka. Watu husema najipiga kifua. Kweli najipiga, kwani kifua ni cha nani?

Sababu ya ugomvi wangu na kilima ilikuwa mama mkwe. Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa na watoto watatu, na mama wa mke wangu alikuwa hajakanyaga nyumbani kwetu hata siku moja. Anakaa kijijini, mbele kidogo ya Wamaza, pamoja na shangazi yake mke wangu. Mke wangu alikuwa akienda kumwona kila mwaka kwa pikipiki, anakaa wiki mbili, anarudi. Tukituma ujumbe wa kumkaribisha, jibu lilikuwa moja. Goti lake halikubali pikipiki. Na kwa gari, kuna Mushuke. Zamani, akiwa bado mama kijana, aliwahi kushushwa pale kwenye mvua na lori zima la watu, akateleza, akaanguka, kitenge kikabaki kwenye matope naye akabaki na shumizi mbele ya wanaume. Siku ile aliapa kwamba hatashuka tena kwenye kilima kile. "Ikipatikana gari ya kupanda na miye ndani," alisema, "nitakuja."

Mke wangu akiletewa jibu hilo alirudi jikoni. Aligeukia chungu chake, akakoroga sombe ya majani ya mihogo ambayo ilikwisha kuiva. Alitaka jambo moja tu duniani, nalo si kubwa: mama yake aketi nyumbani kwake, ale chakula cha mkono wake, awaone wajukuu wakienda shule asubuhi. Majirani waliokuja kusalimia walikuwa wakiuliza, "Na mama, atakuja lini?" Naye hucheka kidogo na kusema barabara ni mbaya. Nililichukia cheko lile.

Mimi mwenyewe sikuweza kumwomba mama mkwe aje, kwa sababu sikuwa nasema naye. Naomba nieleweke. Kwetu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hamwambii neno. Likiwepo la kusema, mtu wa tatu analibeba. Marehemu baba yangu alikaa mtaa mmoja na mama mkwe wake mpaka wakazeeka wote wawili, wala hawakuwahi kusemezana, na siku ya maziko yake watu walisimama kumsifu kwa jambo hilo. Nilikua nikijua kwamba heshima ya ukwe ndiyo hiyo. Basi nami kwa miaka tisa nilikuwa nimenyamaza kikamilifu. Nikienda kule Wamaza nilikaa upande wa pili wa nyumba, nikapeleka salamu kwa kinywa cha shangazi, nikaletewa salamu kwa kinywa kilekile. Nilijiona mkwe wa mfano.

Kisha kikaja kijipu. Kilikuwa cha mfanyabiashara mmoja wa Salamabila, kidogo, kifupi, cha magurudumu manne yote kuvuta, na injini isiyozidi ya kusaga mahindi. Alikiburuta mpaka garajini kwangu kikiwa kimekufa, akanunua pikipiki, na baada ya mwaka akaniambia nikichukue, maana kinamkumbusha hasara. Nikakifufua. Kwenye barabara tambarare kilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kwenye mlima kilikuwa kinalia. Nilikipeleka Mushuke peke yangu, hakuna abiria, hakuna mzigo, kikafika nusu na kugoma.

Usiku ule nilimwambia mke wangu, "Nipe wiki tatu. Nitatia injini ile nguvu, halafu nitakwenda kumuleta mama. Hatashuka."

Akanijibu, "Usiseme kama hauwezi."

"Mi naweza."

Nguvu ya injini haitoki mbinguni. Inatoka kwenye hewa na mafuta, na jinsi unavyoyabana kabla cheche haijaruka. Ukibana zaidi, mlipuko unapiga pistoni kwa hasira zaidi. Wenye mashine hupunguza kichwa cha injini, ambacho sisi twakiita kulasi, kwa mashine inayokata chuma chembamba kama ganda la kitunguu. Mimi sina mashine. Nina kioo kinene cha meza ya duka lililofungwa, na nina karatasi ya msasa. Nililaza kioo sakafuni, nikagundisha msasa juu yake, nikaipindua kulasi na kuanza kuisugua: mbele na nyuma, mara nane, kisha naigeuza, mara nane tena, ili upande mmoja usile kuliko mwingine. Siku nne nilisugua. Kipimo changu kilikuwa kadi ya kupigia kura. Nilitaka kutoa unene wa kadi moja, usizidi. Kila jioni nilisimamisha kulasi kwenye kioo safi na kutazama mwanga chini yake, nao mwanga ulikataa kupita popote.

Halafu nikachukua tupa ya mviringo nikapanua njia za hewa mpaka kidole changu kikaingia bila kukwaruzwa. Nikatoboa zaidi kitundu cha kabureta kwa sindano, ili mafuta yashuke mengi. Nikaondoa uchafu wote ndani ya bomba la moshi. Nikafunga bomba la plastiki, lile la maji, kutoka kwenye filta ya hewa hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa ya baridi na isinywe maji tukivuka mito. Mafundi wenzangu walipita kutazama. Mmoja akaniuliza kama nimemwuliza mtu yeyote kuhusu esanse, yaani petroli, ya huko njiani, kwa sababu injini iliyobanwa inachagua chakula. Nikamjibu kwamba mimi ndiye huulizwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini siku zile mimi nilikuwa nimeazima masikio yangu kwa injini peke yake.

Nilikwenda kukijaribu Nyangwe, kwenye mteremko ule unaopanda kutoka ukingo wa Lualaba. Nikapakia wanaume sita na magunia mawili ya mpunga, wavuvi wakasimama kutazama, na kijipu kikapanda kwa gia ya pili bila hata kupumzika. Wanaume ndani walipiga kelele. Mimi sikupiga kelele, nilitabasamu tu, kwa sababu nilikuwa najua.

Nilitoka Kasongo asubuhi na mapema. Mke wangu alikuwa amefagia uwanja mara mbili. Mushuke nilikipanda kutoka upande wa huku kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba yake, nikiwa peke yangu ndani. Pale kilimani wapo wanaume wanaokaa na majembe na magogo, kazi yao ni kusaidia magari yaliyokwama. Waliposikia injini yangu walisimama, na nilipowapita hakuna aliyepata la kufanya. Niliwapungia mkono. Nakiri, niliwapungia kwa dharau kidogo.

Jambo moja tu sikulihesabu. Injini yenye nguvu ina tumbo kubwa. Nilifika kijijini kwa mama mkwe nikiwa na esanse kidogo kuliko nilivyopanga, haitoshi kurudi. Nikalala huko, na asubuhi nikaenda kwa mwuza mafuta wa pale njiani, anayepanga chupa zake juu ya benchi. Nikainua chupa moja juani, rangi ikawa nzuri. Nikaichuja kwa kitambaa, hakukuwa na maji wala mchanga. Kunusa sikunusa. Pua ya mekanisie ilikufa zamani. Kwangu dunia nzima inanuka esanse, hata ugali.

Nilikuwa nikimimina chupa ya mwisho uani, mgongo wangu ukiwa upande wa nyumba kama heshima inavyotaka, nikamsikia mama mkwe akisema kitu na shangazi kwa Kibangubangu, lugha ya kwao nisiyoijua. Sentensi ndefu. Akairudia. Shangazi, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akanijia.

"Mama anasema nini?" nikamwuliza.

Shangazi akasita kidogo. "Anasema gari yako iko muzuri."

Nikafurahi. Nikaifuta ile gari tena kwa kitambaa.

Tukaondoka. Nyuma yangu aliketi mama mkwe, kando yake shangazi wa kubeba maneno, na nyuma kabisa gunia la mpunga, mihogo, na dumu la mawese ya kumpelekea binti yake. Kioo kile cha kutazama nyuma nilikuwa nimekigeuza kitazame paa, ili macho yangu yasikutane na ya mama. Niliendesha nikiwa mtu mwenye furaha. Kwenye mwinuko mdogo wa kwanza nilisikia kitu kikigonga ndani ya injini, tik-tik-tik, kisha kikanyamaza. Nikajiambia ni vijiwe chini ya gari. Kwenye mwinuko wa pili kikarudi. Nikajiambia ni vijiwe tena. Fundi akianza kujidanganya, hakuna wa kumshika mkono.

Tukafika chini ya Mushuke. Mvua ilikuwa imepita usiku, udongo ulikuwa laini lakini si matope. Shangazi akashika mlango kwa mazoea.

"Usishuke," nikamwambia. "Leo hakuna anayeshuka."

Nikaweka gia, nikakanyaga, tukapanda. Robo ya kilima ilipita vizuri. Kisha injini ikaanza kupiga mlio wa misumari ikitikiswa ndani ya kopo la maziwa. Hakuna fundi asiyeujua mlio ule. Ni mafuta yanayolipuka kabla ya wakati wake, yanapiga pistoni ikiwa bado inapanda, kama mtu anayekusukuma chini ukiwa kwenye ngazi. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka na injini imekwisha. Ukiachia, gari linasimama. Sindano ya kipimo cha joto ilipanda. Nguvu ikashuka. Nilikanyaga zaidi kwa pumzi mbili, na ninaona aibu kwa pumzi zile mbili. Halafu nikakanyaga breki.

Shangazi aliruka nje kabla gari halijatulia, akatafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, na wale wanaume wa majembe wakaja mbio, wakimwambia bei, naye akaanza kuwafokea. Ndani tulibaki wawili. Mama mkwe hakusogea. Nami nilishika usukani kwa mikono miwili na kutazama ukuta wa udongo mbele yangu. Nilikuwa nimeahidi, mke wangu alikuwa ananingoja na uwanja wake uliofagiwa, na gari langu lilikuwa limesimama mahali palepale ambapo mama huyu alivuliwa heshima yake. Ningeweza kusema nini? Hata kama ningekuwa na neno, hakukuwa na mtu wa kulibeba.

Nikasikia anapiga makofi taratibu, ya kumwita shangazi. Shangazi hakusikia, alikuwa bado anagombana na wanaume. Makofi yakaja tena. Kisha sauti, nyuma ya shingo yangu, ndogo na kavu:

"Mukwe. Hii esanse iko na mafuta ya taa ndani."

Sikugeuka. Miaka tisa, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Miye niliuza mafuta ya taa pale soko ya Wamaza mpaka wajukuu wakazaliwa," akaendelea. "Nilinusa tangu asubuhi. Nilimwambia wifi yangu akuambie usimimine. Hakukuambia?"

Nikamjibu kioo cha mbele, kwa sababu sikujua nimjibu wapi. "Hapana, mama. Aliniambia gari iko muzuri."

Akaguna. Ilikuwa mguno wa mtu aliyejua tangu zamani.

Nikashuka nikamwita shangazi. Hakukana. "Mutu hapeleki lawama kwa mukwe siku ya safari," akasema, mikono kiunoni. "Ni mukosi. Nilipeleka sifa." Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu mimi pia kwenye nafasi yake ningepeleka sifa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Na yule mwuza mafuta naye sikumlaumu sana. Pikipiki zote za njia ile hunywa mchanganyiko wake na hazilalamiki. Ni injini yangu iliyokuwa imefundishwa kujiona.

Sasa nilikuwa nimerudi kwenye uwanja wangu, na hapo sina hofu. Tuliliachia gari lirudi chini polepole, breki na jiwe, jiwe na breki, mpaka tambarare. Nikafungua boneti nikaiacha injini ipoe. Mafuta nisingeweza kuyabadilisha, lakini cheche ni yangu. Kuna kifaa tunachokiita deliko, ndicho kinachogawa cheche kwenye plagi. Ukilegeza bolti yake na kukizungusha kidogo, cheche inachelewa, na injini inaacha kugonga. Unapoteza nguvu, lakini unabaki na pistoni. Nilikizungusha kwa upana wa ukucha. Nguvu niliyoitafuta siku nne kwenye kioo, nikisugua mpaka magoti yakachubuka, niliirudisha karibu yote kwa muda wa kuvuta sigara moja. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

Nikateremsha gunia, mihogo na dumu. Wanaume wa majembe wakavibeba vichwani. Shangazi akakunja kitenge chake, akasema yeye hana kiapo chochote na kilima, atapanda kwa miguu. Mama mkwe akabaki ndani.

Nikaweka gia ya kwanza, ile ndogo kabisa ya magurudumu yote. Hatukupanda kwa sifa. Tulipanda kama mzee aliyebeba kuni, hatua, hatua nyingine, bila kusimama. Mahali pale pa kwanza tulipokwama nikasikia sauti nyuma: "Haigongi." Alikuwa anasikiliza. Mbele zaidi nilipotaka kuongeza moto, akasema, "Usiiharakishe," nami sikuiharakisha. Magurudumu yaliteleza mara moja, yakashika. Anga ikaonekana juu ya boneti, kisha miti, kisha njia ikalala.

Nikazima injini. Tulikuwa juu ya Mushuke, na mama mkwe alikuwa ndani ya gari, ndala zake zikiwa safi.

Shangazi na mizigo walikuwa bado chini sana. Tulikaa tukitazama mbele wote wawili. Nilidhani sasa atanyamaza, ajali imekwisha, heshima irudi. Badala yake akasema, "Nimekwisha kuvunja. Acha nivunje yote."

"Ndiyo, mama."

"Wewe haunipendi?"

Nikasahau miiko yote, nikageuka. Nilimwona usoni kwa mara ya kwanza kwa karibu. Ana macho ya mke wangu kabisa, hata ule mkunjo wa kope.

"Mama! Nani alisema?"

"Mutoto wa kwanza alizaliwa, haukuleta kuku. Wa pili, haukuleta. Wa tatu. Goti linauma, ni kweli. Mushuke ni kilima mubaya, ni kweli. Lakini mutu akitaka, anakuja hata juu ya kipoyo. Mi nitaingia namna gani katika nyumba ya mukwe ambaye hajanifungua kinywa?"

Kipoyo ni kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, hilo nililijua. Kuku sikumjua. Nikamwomba anieleze, na akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto wa mtu mwingine. Katika ukoo wao kimya cha ukwe kina mwisho. Mtoto wa kwanza akizaliwa, mwanamume anamletea mama mkwe kuku hai kwa mikono yake mwenyewe, anamwita mama, na tangu siku hiyo wanasemezana kama watu wa nyumba moja. Asiyeleta kuku anasema kwa vitendo kwamba hataki kuzoeana naye. Hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha.

Miaka tisa nilikuwa nikimheshimu mama huyu kwa namna ya kwetu, naye miaka tisa alikuwa akitukanwa kwa namna ya kwao. Nikamwambia, "Mama, mi sikujua. Kwetu hatufungui. Baba yangu alikufa hajafungua." Akanitazama, nadhani akinipima kama nilivyopima ile chupa juani. Kisha akaanza kucheka, cheko la mama wa soko, mpaka akashika mbavu, na shangazi alipofika juu akihema alidhani tumepatwa na wazimu.

Kijiji cha kwanza baada ya kilima nilisimamisha gari. Nilichagua kuku mwenyewe, tetea mwekundu, mzito, mwenye hasira. Nikazunguka hadi mlango wa nyuma, nikampigia mama goti kwenye vumbi la barabara, shangazi akiwa shahidi, pikipiki za Salamabila zikipita na kutupigia honi. Nikamnyooshea kuku kwa mikono miwili. "Mama," nikasema, "karibu kwetu." Maneno matatu. Nimewahi kuinua injini nzima peke yangu kwa gogo na mnyororo, lakini haikuwa nzito namna ile.

Akampokea, akamweka mapajani. "Asante, mwanangu. Sasa twende, na ile mafuta usinunue tena kwa yule mwizi."

Tangu pale mpaka Kasongo hakufunga kinywa. Alinifundisha kumwaga tone la esanse kiganjani na kungoja: ikikauka upesi ni safi, ikiacha utelezi ina mafuta ya taa. Alinikosoa breki. Aliniuliza kwa nini nimetoboa kabureta sana hivyo, maana gari linakunywa kama bwana harusi. Nilibishana naye. Shangazi, aliyekosa kazi ya kubeba maneno, alilala usingizi akikoroma.

Tuliingia uani jua likiwa bado juu. Mke wangu alitoka akifuta mikono kwenye kitenge, watoto nyuma yake. Nilifungua mlango, nikasema, "Mama, angalia goti, kuna jiwe," naye akanijibu, "Naliona, mwanangu, si kipofu." Mke wangu akasimama. Hakumtazama mama yake usoni wala mimi. Alimtazama yule tetea mikononi mwa mama yake. Kisha akaketi palepale kizingitini, akafunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mama yake akampita taratibu, akamwekea mkono kichwani, akaingia ndani na wajukuu. Mimi nikachuchumaa mbele ya mke wangu.

"Kwa nini haukuniambia?" nikamwuliza. "Miaka yote hii. Neno moja tu."

"Kuku ya kuombwa haifungui kitu," akasema ndani ya viganja vyake. Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Kila mwaka nikienda kule, mama ananiuliza kama umesema kitu juu yake. Na kila mwaka mi namwambia, mukwe wako anakupenda sana, iko tu na kazi mingi."